Mashine Hupokea, Mtu Huwajibika



Katika soko la Karume, Mchikichini, mwuza mitumba anayedaiwa ada ya Serikali halazimiki tena kufunga kibanda asubuhi nzima ili akapange foleni. Hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo watu wa mitaani huiita kontroo namba, akalipa kwa simu ya mkononi. Kabla hajamaliza kukunja mashati yake, habari za malipo huwa zimekwisha kufika katika ofisi inayohusika.

Yafaa ieleweke jambo hilo hutendekaje. Kompyuta ya ofisi inayodai hupeleka ankara kwenye mfumo wa Serikali wa kukusanya mapato, ulioanza kutumika mwaka 2017, nao huirudishia namba. Mlipaji akilipa, kompyuta ya benki au ya kampuni ya simu huuarifu mfumo huo, nao huiarifu ofisi. Kufika kwa taarifa ndiko kunakoamsha kazi inayofuata: deni hufutwa na stakabadhi hutolewa. Hakuna karani anayesubiriwa afungue bahasha.

Hapo zamani mlipaji alibeba hati ya benki mpaka kaunta, karani akaiandika katika leja. Baina ya benki na leja ndipo penye mwanya, na ndipo lilipozaliwa neno "njoo kesho". Tena soko hilo liliteketea kwa moto Januari 2022. Stakabadhi ya karatasi iliyowekwa kibandani huungua pamoja na mali, lakini kumbukumbu iliyokwisha kupokelewa katika mitambo ya ofisi haiguswi na moto wa soko. Kwa mnyonge anayeanza upya, hiyo si faida ndogo.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba mashine imewapunguzia watumishi wajibu. Mashine haihoji, bali hutii. Mwaka 2016 uhakiki wa watumishi wa umma ulifichua watumishi hewa zaidi ya 10,000. Majina yao yalikuwamo katika orodha za mishahara, na kompyuta ilitii orodha. Uongo ulioingizwa na mkono wa mtu husafiri kwa kasi ile ile ya ukweli.

Taifa hili lilikwisha kulipia somo hilo. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilivurugika, wataalamu walikuwa wageni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo hilo liliondoka baadaye, lakini sababu yake haipaswi kusahauliwa: chombo kilitangulia, watu wenye kukimudu wakachelewa.

Kwa hiyo mambo matatu hayana budi kuzingatiwa. Kwanza, habari ihakikiwe kabla ya kuingizwa, kwa maana ikishaondoka haingoji kusahihishwa. Pili, kila siku hesabu za ofisi zilinganishwe na taarifa ya benki, na tofauti hata ya shilingi moja itafutiwe maelezo. Tatu, kila ofisi iwe na mtu anayejulikana, mwenye kujibu mwananchi pale fedha zilipotoka na stakabadhi isifike. Kumwambia mwuza mitumba kwamba "mtandao unasumbua" na kumwacha aende zake ni "njoo kesho" ile ile iliyovaa nguo mpya.

Na walimu wana fungu lao. Kijana afundishwe kubonyeza vitufe, lakini kwanza afundishwe kuuliza: habari hii imetoka wapi, nani ameihakiki, na ikikosewa ataumia nani?

Mashine ipokee na ipeleke. Kuwajibika kubaki kazi ya binadamu.