Jino Lililokufa Kiini: Mhadhara wa Umma juu ya Tiba ya Mizizi ya Meno



Mtu aliyelelewa chini ya mlima huu wa Meru hutambulikana kwa meno yake hata akiwa Tanga au Mwanza, kwani afunguapo kinywa kucheka, ile rangi ya kahawia humtaja kwao kabla yeye mwenyewe hajapata kujitaja. Na wengi wenu mlioketi hapa mwaijua vema adha ya kucheka mkono ukiwa mdomoni. Sababu yake ni maji. Meru ni volkano, miamba na majivu yake yana floraidi tele, na maji yapenyayo humo huichukua hata mitoni na visimani, Ngarenanyuki, Oldonyosambu, na katika Mto Maji ya Chai ambao jina lake lasimulia rangi yake, sembuse maziwa ya Momela, ambamo floraidi huhesabiwa kwa mamia ya miligramu katika lita moja, ilhali Shirika la Afya Duniani halitaki maji ya kunywa yapite miligramu 1.5. Mtoto anywaye maji hayo katika miaka yake 8 ya kwanza, wakati meno yangali yakijengwa ndani ya taya, huota meno yenye madoa, na yakizidi, yenye vishimo na gamba jepesi kubanduka. Pale Ngurdoto wataalamu wetu wameshughulika miaka mingi kuyasafisha maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nami nawatukuza; lakini maneno yangu ya leo si juu ya gamba la jino, bali juu ya kilichomo ndani yake.

Ndani ya jino mna chumba, na chumbani mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho huteremka kwa mifereji myembamba hata ncha ya mzizi. Jino la mbele la juu aghalabu lina mfereji mmoja. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na mara nyingi mfereji wa nne uliojificha, ambao tabibu asipoutafuta hauoni, na asipouona mgonjwa hurudi. Jino likitoboka kwa kuoza, au likigongwa mtu aangukapo na bodaboda, kiini huvimba. Na maadamu kimezungukwa na kuta ngumu hakina pa kuvimbia, ndiyo maana maumivu yake humwamsha mtu usiku wa manane. Kisha hufa, maumivu yakakoma, na mtu akamshukuru Mungu kwa kudhani amepona, kumbe usaha umeanza kuula mfupa penye ncha ya mzizi.

Hapa naomba tutue. Jino lililokufa kiini si jino lililokufa. Lingali limeshikwa tayani na nyuzi hai, ambazo hazipati damu yake kwa kiini, na nyuzi hizo ndizo ziupimao ugumu wa punje ya hindi la kuchoma. Mwenye kuling'oa hutupa kilicho hai pamoja na kilichokufa. Fani ya kukitoa kiini peke yake, kuisafisha mifereji, kuiziba, na kuliacha jino kazini mwake, ndiyo endodontia, nami nimeipa umri wangu.

Fani hii haikupata heshima upesi. Hunenwa kwamba Edwin Maynard, Mmarekani, alitengeneza tupa ya mfereji mwaka 1838 kwa kamani ya saa. Sanford Barnum akaleta, mwaka 1864, karatasi ya mpira ya kulitenga jino na mate. Ukafuata utomvu wa miti ya Malaya, gutapacha, ambao hata leo ndio tuzibiao. Lakini mwaka 1910 tabibu Mwingereza, William Hunter, alihutubu huko Montreal akiyashutumu meno yaliyozibwa juu ya uchafu kuwa asili ya maradhi ya mwili mzima, na kwa miaka mingi baadaye meno yasiyo hesabu yaling'olewa kwa tuhuma tu. Ithibati iliyoondoa shaka juu ya kinachokiua kiini ilitoka kwa panya: mwaka 1965 Kakehashi na wenzake waliwatoboa meno hata kiini panya waliolelewa pasipo kijidudu chochote, viini vyao vikapona, na vya wale wa kawaida vikaoza. Adui, basi, ni vijidudu. Marekani ilikuwa imekwisha kuikubali endodontia kuwa ubingwa kamili mwaka 1963.

Sasa turudi Meru, kwani hapa pana jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havikuniandaa kwalo. Vitabu husema jino lililokufa kiini hujulikana kwa weusi wake kati ya wenziwe weupe. Je, wenziwe wote wakiwa kahawia? Mama mmoja wa mlimani aliniletea mwanawe wa miaka kumi na sita, ana kijipele cha usaha kwenye fizi, na meno yote ya mbele yana rangi moja. Mahali pengine walikuwa wamekwisha kumng'oa jino moja, na kijipele kikabaki palepale. Nikaweka barafu jino baada ya jino, nikayagonga taratibu, nikapiga eksirei, na jirani ya pengo likaonekana jino lisilosikia baridi, na kivuli kwenye ncha yake. Lililong'olewa, kwa niwezavyo kukadiria, halikuwa na hatia. Mama akaniuliza, "Daktari, ukikitoa hicho kiini, litakuwa bado jino lake?" Nikamwambia, litakuwa lake, mama. Mwaka uliofuata mfupa ulikuwa umejaa tena.

Wasemao kwamba watu wetu hung'oa meno kwa ujinga hawajapata kupanda gari kutoka Leguruki, huko mlimani, alfajiri. Kung'oa ni safari moja. Tiba ya mizizi ni safari mbili au tatu, na picha, na kwa gego pengine kofia ya kulikinga lisipasuke, nayo ina bei yake. Mama yule, alipokubali jino la kwanza ling'olewe, alifanya hesabu yake sawasawa. Kosa ni letu tulioiweka tiba mbali naye. Naomba kwa hiyo mashine ya eksirei ya meno ipelekwe kwenye vituo vya afya vya mlimani, na tabibu aliyefunzwa awe na siku yake huko, siku ijulikanayo.

Nanyi vijana mliosimama huko nyuma: Muhimbili imefundisha udaktari wa meno tangu mwaka 1979, ni miaka mitano, na mmoja wa mazoezi, kisha ubingwa wa urejeshaji wa meno, ambamo fani hii imo. Mtazoeza mikono kwa meno yaliyokwisha kung'olewa, na katika kopo langu yamo mengi, ya kahawia karibu yote. Njooni Ijumaa baada ya adhuhuri, mchague moja, mlipasue kwa urefu, mwangalie jinsi mzizi ulivyokuwa mzima.