Mfupa Haufuati Ratiba ya Mashindano

Julai 19, 2020, bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki, Mhispania Marc Márquez, alianguka Jerez na kuvunjika mfupa wa mkono wa juu. Siku mbili baadaye alifanyiwa upasuaji, akafungwa bamba na skrubu. Jumamosi ya wiki hiyohiyo alikuwa tena juu ya pikipiki, tena kwa ruhusa ya madaktari! Alishindwa kuendelea, akajiondoa. Muda si mrefu bamba likaharibika, naye akapasuliwa tena Agosti, kisha Desemba, kisha Juni 2022.

Msikilizaji, bamba hushikilia tu vipande visisogee. Kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe, na mfupa mkubwa, kwa mfano wa muundi, huweza kuhitaji miezi kadhaa. Hatari ni kwamba maumivu hupungua mapema, mchezaji akadhani amepona. Kabla ya kurudi uwanjani, eksirei ionyeshe mfupa umeunga, na misuli iliyosinyaa ikaribie nguvu za upande mzima. Aanze kwa kutembea, kisha kukimbia taratibu. Kugongana na wenzake kuje mwisho kabisa. Na sigara aiache, kwani huchelewesha mfupa kuunga.

Wanaoniumiza moyo zaidi ni vijana wa ligi za mitaani, wasio na daktari wa timu. Kocha, nakusihi: usimuulize kijana mbele ya wenzake kama yuko tayari. Atasema ndiyo. Mpeleke kliniki kwanza, na daktari akisema bado, panga mchezaji mwingine.