Vishikizo vya Viti vya Watoto katika Magari ya Safari: Tatizo Liko Nyuma ya Bati

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mafundi wa gereji na wamiliki wa magari ya utalii, Arusha

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna ya kufunga kwa usalama vishikizo vya viti vya watoto katika magari yetu ya porini. Yaliyomo humu ni maoni yangu ya kitaalamu, si msimamo wa taasisi ninayoitumikia.

2.0 Ufafanuzi

Kiti cha mtoto hufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkanda wa gari wa pointi tatu. Ya pili ni ISOFIX, mfumo uliowekewa kiwango cha kimataifa, ISO 13216, mwaka 1999. Huu hutumia vyuma viwili vyenye kipenyo cha milimita 6, vilivyoachana milimita 280, pale mgongo wa kiti cha gari unapokutana na kikalio. Viti vingi huongezewa mkanda wa juu, unaozuia kichwa cha mtoto kisirushwe mbele mno. Haya mnayafahamu, sitayarefusha.

3.0 Tatizo lenyewe

Land Cruiser Hardtop, zile tunazoziita mkonga, nyingi huja na mabenchi ya nyuma yanayotazamana, moja kila ubavu. Tukizipata tunazikata, tunazirefusha, tunaweka paa la kuinuka na viti vipya vinavyotazama mbele. Kiti kipya kinapendeza na ngozi inang'aa, lakini mara nyingi mkanda wake ni wa kiunoni tu na kishikizo cha mtoto hakipo. Kisha jioni simu inaita: "Fundi, wageni wanaingia kesho na mtoto wa miaka miwili, tuwekee vile vyuma."

Fundi anakunja nondo ya milimita 6, anaichomelea kwenye fremu ya kiti, kiti cha mtoto kinaingia na kulia "ka!". Mwenye gari anaridhika, na mgeni naye anaridhika. Hapo ndipo ninapobishana na watu kwa miaka mingi, na jibu ninalopewa ni lile lile: "Mbona kimebana?"

Kubana si kushika. Mtoto wa kilo 18 na kiti cha kilo 10 ni kilo 28. Gari likigonga na kusimama ghafla kwa nguvu ya mara 20 ya uzito, vishikizo vinavutwa kama vimebeba kilo 560. Kanuni Namba 14 ya Umoja wa Mataifa iliweka jaribio la kuvuta vishikizo vya ISOFIX kuelekea mbele kwa kilonewtoni 8, yaani zaidi ya kilo 800. Mkono wa fundi unaotikisa kiti haufiki hata robo ya hapo.

Makosa ninayoyakuta ni haya:

Kwanza, nondo ya ujenzi. Imetengenezwa kushika zege, na ubora wake hutofautiana. Ikichomelewa bila utaratibu, sehemu iliyopata moto huweza kuwa ngumu na kukatika badala ya kupinda. Hata ikishika, fremu ya kiti imefungwa sakafuni kwa bolti ambazo hazikupimwa kwa mzigo huo.

Pili, bolti iliyopitishwa kwenye bati tupu na washa ndogo chini yake. Bati la bodi mara nyingi halifiki milimita moja. Likivutwa kwa nguvu, bolti hung'oka na washa yake, kama kifungo kwenye kanga iliyochakaa.

Tatu, mkanda wa juu kufungwa kwenye fremu ya paa la kuinuka. Paa hilo limewekwa ili wageni waone tembo. Halikuwekwa kubeba mzigo wa ajali.

Nne, matundu ya kiwandani kuharibiwa. Tundu la bolti ya mkanda kwa kawaida ni la nusu inchi kasoro kidogo, inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi. Fundi akikosa bolti yake, analipanua aweke ya milimita 12. Nguvu ambayo kiwanda kiliweka nyuma ya bati inaishia hapo.

Tano, kiti cha mtoto kufungwa kwenye benchi la ubavuni. Hili halina mjadala: ni marufuku, kwa sababu viti vya watoto havikuundwa kukabili ajali mtoto akiwa amekaa upande.

Kwa lugha ya heshima, hali hairidhishi. Kwa lugha ya gereji, tunajidanganya. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, wakati kiti cha mtoto kilikuwa kitu adimu hapa kwetu. Kwa hiyo anayekagua akiona chuma kinang'aa, hana cha kumuuliza fundi.

4.0 Mapendekezo

1. Chaguo la kwanza liwe mkanda wa pointi tatu wa kiwandani, kwenye kiti kinachotazama mbele. Viti vingi vya watoto havihitaji ISOFIX.
2. Gari lenye mkanda wa kiunoni pekee lisipakie mtoto kwenye kiti cha kuinua kimo.
3. Matundu ya kiwandani yatumike kwa bolti yake halisi, na yasipanuliwe kamwe.
4. Asiye na vifaa vya kupima asijitengenezee vyuma vya ISOFIX. Zinunuliwe seti za viti zilizojaribiwa pamoja na vishikizo vyake.
5. Inapolazimu kutoboa, itumike bolti ya daraja la 8.8 au zaidi, pamoja na sahani ya chuma ya kusambaza mzigo, kwenye mhimili wa bodi na si kwenye bati tupu.
6. Kabla ya kutoboa, fundi aingie chini ya gari. Baadhi ya magari haya yana matangi mawili ya mafuta chini ya sakafu.
7. Nondo isitumike. Narudia: nondo isitumike.
8. Mkanda wa juu usifungwe kwenye paa la kuinuka.
9. Hakuna kiti cha mtoto kwenye benchi la ubavuni, hata mzazi akisisitiza.
10. Kampuni ziwaulize wageni umri na uzito wa mtoto wakati wa kupokea nafasi, si usiku wa kuamkia safari.
11. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi (VETA) ifikirie kuingiza somo la vishikizo katika mafunzo ya mafundi wa bodi, na Shirika la Viwango (TBS) liandae mwongozo mfupi wa magari yaliyobadilishwa.
12. Vishikizo vikaguliwe kila baada ya msimu. Barabara za changarawe hulegeza nati, na kutu huanzia kwenye tundu lililotobolewa bila kupakwa rangi.

5.0 Hitimisho

Kishikizo hakina nguvu yake chenyewe. Nguvu yake ni ya chuma kilicho nyuma yake. Nawaomba wamiliki mkubali kumwambia mgeni kwamba gari hili halimfai mtoto wake, mkampa jingine. Nanyi mafundi, simu ya jioni ikiita, kataeni kazi hiyo.