Mgombea katika Kiti cha Mbele

Wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo kila msimu wa uchaguzi husemwa kwa kunong'ona, nalo ni dini ya mgombea. Hapa Arusha tunalisema tukinywa chai, tunalisema ndani ya daladala za Ngaramtoni na Usa River, lakini akitokea mtu mwenye daftari na kalamu tunanyamaza, kana kwamba ametuuliza habari za aibu. Mimi nimebeba kinasa sauti miaka mingi sasa, na nakijua vizuri kimya hicho.

Swali lenyewe ni jepesi kuuliza. Je, mpiga kura humpa mtu kura yake kwa sababu wanasali pamoja?

Tuanze na jambo lililotokea mbali na hapa lakini lililomhusu mtu wa hapa. Septemba 2015, Edward Lowassa wa Monduli, mgombea urais wa CHADEMA aliyeungwa mkono na vyama vya UKAWA, alisimama mbele ya waumini wa KKKT mjini Tabora akawaomba wamwombee, kwa maelezo kwamba Mlutheri hajapata kuwa Rais wa nchi hii. Maneno hayo yalizunguka nchi nzima kabla jua halijatua. Kwa nini yalishika moto kiasi kile? Kwa sababu aliyatamka kwa sauti yale ambayo wengi walikuwa wakiyahesabu kimoyomoyo: Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu. Hesabu hiyo haimo katika Katiba wala katika kanuni ya chama chochote, lakini muulize mzee yeyote wa kijiweni, atakutajia bila kukosea. Lowassa aliichukua hesabu ya kijiweni akaipeleka madhabahuni.

Wenzetu wa Marekani waliwahi kupita njia hiyo wakielekea upande wa pili. Mwaka 1960 John Kennedy, Mkatoliki katika nchi yenye Waprotestanti wengi, aliwafuata wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston akawaeleza kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki, na kwamba kanisa lake halitamwamulia mambo ya serikali. Yeye alikuwa anaomba dini yake isihesabiwe. Mtu wetu aliomba ihesabiwe.

Sasa tuitazame hesabu hiyo. Kwanza, hakuna anayejua Walutheri wapiga kura ni wangapi, wala Wakatoliki, wala Waislamu. Sensa ya mwisho kutuuliza dini zetu ilikuwa ya 1967. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka swali hilo lirudishwe, wengine wakasusia sensa, na swali halikurudi. Kwa hiyo kila anayekwambia kundi lake lina kura kadhaa amekisia tu, hata kama amevaa joho.

Pili, matokeo. Tume ilimtangaza John Magufuli mshindi kwa asilimia 58.46, na Lowassa akapata kura 6,072,848, yaani asilimia 39.97. Zilitoka wapi kura hizo milioni sita? Nyingi zilitoka huku kwetu Arusha na Kilimanjaro, naam. Lakini nendeni Pemba. Kisiwani kule, ambako karibu kila mtu ni Mwislamu, Mlutheri huyu wa Monduli alimshinda Magufuli. Wapemba hawakuwa wamebadili dini. CUF ilikuwa ndani ya UKAWA, mgombea mwenza wa Lowassa alikuwa Juma Duni Haji, na mwanachama wa CUF alifuata chama chake. Mtu akitaka kunishawishi kwamba dini ndiyo inayopiga kura Tanzania, anianzie Pemba.

Pengine mtasema, "Sawa, lakini Arusha je? Arusha si walimpa kwa sababu ni mwenzao?" Ni mwenzao kwa kweli, ila tusisahau mkoa huu ulikuwa umekwisha kuzoea upinzani zamani, na kwa watu wa kila namna. Mwaka 1995 Arusha Mjini ilimchagua Makongoro Nyerere wa NCCR-Mageuzi, mtu wa Musoma. Mwaka huohuo Karatu ilimchagua Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani aliyepata kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki. Alikaa na jimbo miaka 15. Alipoondoka 2010 kugombea urais, CHADEMA ilimsimamisha Mchungaji Israel Natse, na Karatu ikampa. Padri akatoka, mchungaji akaingia, chama kikabaki kilekile. Kama Karatu ingekuwa inapiga kura kwa madhehebu, mwaka ule ingebidi iruke.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya kwamba upadri wa Slaa haukumsaidia. Ulimsaidia sana. Mtu aliyehubiri miaka mingi anajua kusimama mbele za watu, anajulikana kwa majina hadi vijijini, na watu humdhania kuwa amesoma na hana tamaa ya fedha. Dini humpatia mgombea kitu ambacho wengine hukinunua kwa bei ghali, yaani masikio ya watu. Akishayapata, watu huanza kumuuliza maji, barabara na dawa za zahanati, na hapo Zaburi haimwokoi.

Niliyaona haya kwa macho yangu Arumeru Mashariki mwaka 2012. Mbunge Jeremiah Sumari wa CCM alifariki Januari, na uchaguzi mdogo ukapangwa Aprili 1. CCM ilimsimamisha mwanawe, Sioi Sumari, na CHADEMA ikamsimamisha kijana Joshua Nassari. Sioi alikuwa na jina la baba, alikuwa na chama tawala, na baba mkwe wake alikuwa Lowassa huyohuyo, ambaye wakati ule hapakuwa na harambee ya kanisa wala ya msikiti kaskazini hii ambayo jina lake halikutajwa. Jumamosi moja nilikuwa soko la Tengeru nikiwauliza akina mama wauza ndizi watamchagua nani. Nilipouliza kama usharika wa mgombea ni jambo kubwa kwao, mama mmoja alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mwanangu," akasema, "kanisani tunaonana kila Jumapili. Hapa tuulize mashamba." Alikuwa anasema mashamba makubwa ya walowezi, ambayo Wameru wamekuwa wakiyadai tangu enzi za wazazi wao. Watu wa mlima huu walifukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka shauri lao hadi Umoja wa Mataifa. Mtoto wa Meru hulisikia jina hilo nyumbani kabla hajaanza shule. Nassari alishinda kwa kura 32,972 dhidi ya 26,757 za Sioi.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo penye uzito wa mazungumzo yangu ya leo. Wameru wana sababu ya pekee ya kuogopa mtu anayegeuza usharika kuwa kambi. Ukristo uliingia kwao kwa damu: wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa mwaka 1896, kisha misheni ikafunguliwa Nkoaranga 1902, na mlima karibu wote ukawa wa Kilutheri. Kanisa moja, kabila moja, na migomba ileile. Lakini kati ya 1990 na 1993 kanisa hilohilo lilipasuka. Wapo waliotaka Meru iwe na dayosisi yake, wajitoe katika Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi, na wapo waliokataa. Nilikuwa bado shule ya msingi, lakini nakumbuka jinsi watu wazima walivyopunguza sauti. Waumini waliobatizwa kwa maji ya mto mmoja walipigana. Nyumba zilichomwa, mikahawa na migomba ikakatwa, watu wakafa, polisi wakapanda mlimani. Mwishowe Meru ilipata dayosisi ndani ya KKKT, na waliojitenga wakawa na kanisa lao lingine.

Wala haukuwa ugomvi wa Waislamu na Wakristo, wala wa Wakatoliki na Walutheri. Ulikuwa wa Walutheri kwa Walutheri. Na wakati unawaka, mwaka 1992, vyama vingi vikarudi nchini. Fikirini mgombea anayekwenda kwa watu wa namna hiyo, waliokwisha kuzika ndugu zao kwa sababu ya nani aketi katika kiti cha askofu, akawaambia safari hii ni zamu yenu. Anaweza kuwa anatania. Wao hawasikii utani.

Mjini nako mambo ni hayohayo, ila kwa sura nyingine. Januari 2011, baada ya polisi kufyatulia risasi maandamano ya CHADEMA na watu kufa, maaskofu wa hapa, akiwamo marehemu Thomas Laizer wa KKKT, walitamka hadharani kwamba hawamtambui meya. Mimi naona walikuwa na haki ya kulia na waliofiwa. Lakini mara moja baadhi ya Waislamu walihoji: maaskofu wanaposema meya si meya, wanasema kwa niaba ya nani? Lilikuwa swali la haki, na hatukulijibu vizuri. Miaka miwili baadaye, Mei 5, 2013, bomu lilirushwa katika Kanisa Katoliki la Olasiti, watu watatu wakafa. Juni 15 mwaka huohuo likarushwa jingine katika mkutano wa CHADEMA viwanja vya Soweto. Sisemi mambo hayo yana mkono mmoja. Ninachokumbuka ni jinsi wiki zile sita mji mzima ulivyokuwa ukitazamana, kila mtu akijaribu kusoma kwenye jina la jirani yake ni wa upande gani.

Sheria yetu inaijua hatari hii. Ibara ya 20 ya Katiba inazuia kusajili chama chenye lengo la kuendeleza dini, na sheria ya uchaguzi ya miaka ile iliruhusu ushindi ubatilishwe iwapo mgombea alichochea tofauti za dini, kabila au jinsia. Ila mlango huo uliwahi kubanwa. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Godbless Lema wa Arusha Mjini kutokana na maneno yaliyodaiwa kusemwa jukwaani dhidi ya mpinzani wake. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti, ikisema waliofungua shauri ni wapiga kura ambao haki zao wenyewe hazikuguswa. Mimi si mwanasheria. Lakini maana yake wakati ule kwa mtu wa Ngarenaro au Unga Limited ilikuwa kwamba mgombea akitukana dini ya mpinzani wake mbele yako, wewe uliyesimama pale juani ukisikiliza ungepata taabu kumpeleka mahakamani.

Kwa hiyo kinga iliyobaki ipo mikononi mwa wachungaji, mapadri na mashehe. Hapa nina ombi dogo kwao. Mgombea ni muumini kama wengine, aje asali. Akitoa sadaka, aitumbukize kapuni kama sisi, bila bahasha yenye jina na bila mpiga picha. Akitambulishwa, asimame, apunge mkono, aketi. Kipaza sauti asipewe. Nimehudhuria ibada nyingi ambako wageni wa namna hii waliachiwa kipaza sauti kwa "dakika mbili tu za salamu", na sijapata kuona hata mmoja aliyemaliza kwa dakika mbili. Kwenye mkutano wa hadhara, mtu akisema uongo tunamzomea, au tunaondoka zetu. Kanisani na msikitini hatuzomei. Tumefundishwa tangu utotoni kukaa kimya mtu akisimama pale mbele, na mgombea analijua hilo kabla hajavaa suti yake ya Jumapili.