HOTUBA JUU YA BAISIKELI NA MAGARI KATIKA BARABARA YA MOMBASA



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, ipitayo hapa kwetu Makindu. Barabara hii imetuletea biashara, wala hatuilaumu. Lakini usiku na mchana malori na mabasi hupita kwa kasi, na kandokando yake wapita watu wetu juu ya baisikeli, wakichukua mitungi ya maji, magunia, hata watoto. Mtu hugongwa, huvunjika mguu, nasi husema, "Ajali haina kinga." Dereva hutoa shilingi chache, watu hupeana mikono, naye huenda zake. Fedha huisha kabla ya mfupa kuunga, na mzigo wote huwaangukia jamaa za mgonjwa na chama hiki.

Ndugu zetu, methali ile haikutungwa ili kumficha mzembe. Ajali ni jambo moja, na uzembe ni jambo jingine. Sheria ya Barabarani ya Kenya, Sura ya 403, yamlazimu dereva aliyemwumiza mtu asimame, ataje jina lake na anwani yake; asipofanya hivyo, awape polisi habari upesi, wala saa 24 zisipite. Kuendesha gari bila uangalifu ni kosa, hata kama dereva hakukusudia ubaya.

Tena tusichanganye mambo mawili. Kesi ya polisi humwadhibu dereva, na faini yake huenda kwa Serikali. Madai ya fidia ndiyo yamfaayo aliyeumia. Sura ya 405 yataka kila gari liwe na bima kwa ajili ya watu wengine waumizwao nalo. Mwenye lori naye aweza kudaiwa, ikiwa dereva wake alikuwa kazini. Lakini madai yapasa kufikishwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita. Atakayelala atakuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo twauomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, mwanachama aonaye ajali asaidie majeruhi afike hospitali, aandike nambari ya gari, saa na mahali, na akubali kwenda kutoa ushahidi, kwani kesi isiyo na shahidi haina miguu. Pili, mtu asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ya kupatana kabla ya kuonana na wakili. Bali jamaa zake watake hati ya polisi, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Tatu, tutenge fungu dogo la nauli za mashahidi, tukisaidiana kama tufanyavyo katika mwethya.

Wala dereva asipigwe, wala gari lake lisichomwe moto. Kufanya hivyo ni kuitupa haki yetu wenyewe. Nasi tujirekebishe. Aendaye usiku bila taa ajihatarisha, na hakimu aweza kumpunguzia fidia kwa sababu ya kosa lake.

Wazee wetu, mguu wa mtu haununuliwi kwa shilingi za kando ya barabara. Tusiuuze tena.