Maumivu Yakizidi Ndani ya Plasta, Usingoje Asubuhi

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi



Leo nazungumzia hatari inayoweza kufuata kuvunjika kwa mguu au mkono. Misuli yetu imepangwa katika vyumba, na kila chumba kimezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Chini ya goti vipo vinne. Misuli ikivimba au damu ikivujia humo, presha hupanda hadi damu ishindwe kupita. Baada ya saa sita hivi, misuli na neva huweza kuharibika kabisa.

Chanzo kikubwa ni kuvunjika kwa mfupa wa muundi, kama katika ajali za pikipiki. Vyanzo vingine ni mtoto kuanguka kutoka mtini na kuvunjika mkono, kubanwa na kitu kizito, kuungua, na plasta au gango lililokazwa mno.

Dalili ya kwanza ni maumivu makali kupita jeraha lenyewe, yasiyosikia dawa, yanayozidi vidole vikinyooshwa. Kiungo hukaza, kisha hufa ganzi. Msidanganyike kwa sababu mshipa bado unapiga au vidole vina joto. Huenda hatari imeshaanza.

Hospitalini, plasta na bendeji zote hufunguliwa. Isiposaidia, daktari wa upasuaji hukata ngozi na utando kwa mikato mirefu, mguuni mara nyingi miwili, ili vyumba vyote vinne vipumue. Kidonda huachwa wazi na kukaguliwa tena baada ya siku mbili hivi. Uvimbe ukipungua hushonwa, au hufunikwa kwa ngozi iliyotolewa kwingine, kwa mfano pajani. Jamaa wengi hushtuka wakikiona. Jueni kwamba kidonda hicho ndicho kinachookoa mguu. Ukichelewa, waweza kubaki kilema, figo zikadhurika, au mguu ukakatwa.

Kwa hivyo nawaomba: msikande, msifunge kwa kukaza, wala msiinue kiungo juu ya usawa wa moyo. Msimpeleke mgonjwa kwa waunga mifupa. Mfikisheni hospitali yenye daktari wa upasuaji, hata kama ni usiku wa manane. Na mkiombwa kutia sahihi, ulizeni maswali yenu hapo hapo. Kikao cha ukoo kinaweza kungoja, mguu hauwezi.