“Put off” mpaka lini?

Mwanafunzi wa Likoni anayejiandaa kwa KCSE anaijua vizuri mitego hii: kitenzi cha Kiingereza kimebandikwa kijineno nyuma, na maana imehama kabisa. “Put” ni weka. “Put off” si weka tena.

Maana ya kwanza ni kuahirisha. Baraza la chifu lilikuwa Jumatatu, sasa ni Alhamisi: “The meeting has been put off.” Ya pili ni kumvunja mtu moyo au kumtoa hamu. Samaki aliyelala, harufu yake tu yatosha kumrudisha mnunuzi nyumbani. Hiyo nayo ni “put off”. Ya tatu ni kuzima. Hapa Kenya twasema “put off the lights”, ilhali Mwingereza aghalabu husema “switch off” au “turn off”.

Ukitumia kiwakilishi, kitie katikati: “put it off”, si “put off it”. Hilo lisitutishe sisi Waswahili. Tukisema “nimeuahirisha mkutano”, ile “u” nayo imekaa ndani ya kitenzi. Na kitendo kikifuata, kimalizie kwa -ing: “He put off travelling”, si “put off to travel”.

Halafu, usichanganye na “call off”. Kilichoitwa “called off” kimefutwa, tusahau. Kilicho “put off” kingali na ahadi ndani yake. Na hapo ndipo sisi wa Likoni, ng’ambo ya kivuko, tunapobanwa na ahadi ya daraja.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilizama Mtongwe, wakafa watu zaidi ya 250. Tangu hapo hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini Likoni yataka daraja. Mwaka wa 2019 Japani, kupitia shirika lake la JICA, ilikubali kutoa mkopo wa kuanzia ujenzi. Januari 2021 likafunguliwa daraja linaloelea pale Liwatoni, la waendao kwa miguu. Lile kubwa la magari halijasimama. Hatukuambiwa limefutwa. Twaambiwa lisubiriwe.

Hapo ndipo maana ya kwanza inapoizaa ya pili: jambo likiahirishwa mno, watu huvunjika moyo. Wahenga walikwisha sema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Basi walimu wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, vitenzi hivi vifundisheni ndani ya sentensi. Orodha ya kukariri haimsaidii mtoto. Nanyi viongozi, mkitutangazia kwamba jambo liko “put off”, tajeni na siku yake. Kuahirisha bila tarehe si kuahirisha, ni kutuzungusha.